Mbuyu wetu haujakauka

Siku ya pili tangu nifike Dodoma, mabegi bado yamefungwa, mama alinipa kanga akasema, "Jifunge, twende mkutanoni." Nikamuuliza mkutano gani. "Wa mbuyu," akajibu, kana kwamba sikuwahi kuondoka.

Niliondoka mwaka 2009 kwenda Uingereza kufanya kazi ya uuguzi. Nilikusudia kukaa miaka mitano, ikawa kumi na sita. Wakati ule kwenda Dar es Salaam kwa basi kulimaliza siku nzima. Safari hii nilipanda treni ya umeme asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa natazama mawe ya Dodoma dirishani huku machozi yakinitoka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika mji huu, na ya 2022 ikakuta 765,179. Namba hizo nilizisoma nikiwa mbali. Kuzisoma ni tofauti na kusimama Miyuji, mahali ulipokimbizana na mbuzi, ukakuta ukuta, geti, ukuta, geti.

Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, na mji ulipotangazwa kuwa jiji Aprili 2018, nilishangilia, na furaha hiyo bado ninayo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, na wazazi wetu waliusubiri mpaka mvi zikawaota. Sina ugomvi na jiji kukua. Nataka tu likue likituachia pa kukaa.

Mahali penyewe ni kiwanja kisicho na umbo la kueleweka, kati ya nyumba zetu na korongo linalopitisha maji ya mvua. Pana mbuyu mmoja, ambao wazee huuita mpela kwa Kigogo, pana mikungugu michache, miti ya miiba, na pana visiki vingi vya miti iliyokatwa kuni na mkaa. Chini ya mbuyu huo ndipo nilipojifunza kuhesabu kwa kete za bao. Ndipo marehemu bibi alipotandika mkeka akianika mlenda, na ndipo tulipokaa siku tatu alipofariki, kwa sababu ua wetu haukutosha watu. Harusi, misiba, chanjo za watoto, mikutano ya mtaa, vyote pale.

Mwezi mmoja kabla sijarudi, watu waliamka wakakuta bikoni mpya, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zimechimbiwa na nguzo za uzio zimelazwa tayari. Mtu mmoja mwenye uwezo alikuwa ameomba kujenga fremu za maduka. Katika karatasi yake, ambayo mwenyekiti wa mtaa alitusomea mkutanoni, eneo lilielezwa kuwa "pori lisilotumika lenye mti mmoja mkubwa uliokauka".

Kina mama waliguna wote kwa pamoja. Ilikuwa Septemba. Mbuyu upi wa Dodoma una majani mwezi wa Septemba? Mvua yetu ni ya Desemba hadi Aprili, na miezi mingi iliyobaki mbuyu hukaa mtupu, maji yakiwa ndani ya shina. Aliyeandika karatasi ile aliutazama wakati wa kiangazi akaukatia tamaa.

Nikaomba kusema. Nikawaeleza ya Sheffield, mji nilioishi miaka yote ile. Halmashauri ya kule ilikuwa na mpango wa kukata miti 17,500 ya barabarani na kupanda mingine. Wakazi wakawa wanasimama chini ya miti ili misumeno isiguse. Novemba 2016, alfajiri, watu waliamshwa watoe magari yao njiani ili miti ikatwe, na wastaafu wawili wanawake wakakamatwa na polisi. Ukataji ulisimamishwa Machi 2018, na mwaka 2023, baada ya uchunguzi, halmashauri iliomba radhi. Nilikuwa napita pale nikitoka zamu ya usiku. Niliwaona wazee wa watu kwenye baridi, wamekumbatia shina, nikaenda zangu kulala. Niliona si mti wangu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na mkutanoni nililisema hivyo hivyo. Nikapendekeza na sisi tuandike mabango, tusimame.

Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, umesema vizuri. Lakini huyu hajaleta msumeno, ameleta karatasi. Tumtafutie karatasi yake."

Ndiyo kazi iliyofuata. Tulikwenda watu watano kuomba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo letu. Tuliambiwa turudi Jumatatu, tukarudi. Tukaambiwa mwenye faili yuko safarini, tukarudi tena. Majalada ya ardhi ya Dodoma yamepita mikono mingi: yalikuwa ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ambayo ilianzishwa 1973 na kuvunjwa 2017, majukumu yake yakahamia halmashauri. Mama alibeba kiti chake cha plastiki kila tulipokwenda. Safari ya nne afisa kijana alitandaza mchoro mezani, na pale penye kiwanja chetu paliandikwa kwa herufi ndogo: eneo la wazi.

Mimi nilidhani tumemaliza. Yule kijana, Mungu ambariki, akatueleza ukweli wa kazi yake: matumizi ya ardhi yanaweza kuombewa mabadiliko, na ombi hupata nguvu pale eneo linapoonekana limetelekezwa. Eneo la wazi likikaa bila watu linageuka jalala, jalala linageuka kero, na anayekuja kuondoa kero kwa matofali anapokelewa kama mkombozi. Nimeyawaza maneno hayo kuliko jambo lolote nililosikia tangu nirudi. Tulikuwa tumepaacha kweli. Vijana wanakaa vijiweni barabarani kwenye umeme, sisi wengine tuko ughaibuni tukituma fedha za kujenga uzio.

Nilitafuta pia kama sheria ya urithi ingetubeba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863; ya baadaye yanahitaji kutangazwa na waziri. Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910. Kwa hiyo karibu kila jengo kongwe la mjini ni changa mno kwa kigezo hicho, na tembe zetu za udongo zenye paa bapa hazidumu miaka mingi bila kukarabatiwa. Kwa Mgogo, kinachodumu vizazi ni mahali na mti. Michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006, na inastahili. Mbuyu wa mtaa hauna orodha, una majirani.

Sheria ya mazingira ya 2004 ndiyo iliyotupa pa kushika zaidi, maana inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Korongo letu ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, ila kila aliyezaliwa hapa anajua linavyonguruma Januari. Tukapima kwa kamba. Nusu ya fremu zile zingekaa ndani ya mita hizo. Tukaandika barua, tukaambatanisha muhtasari wa mkutano wenye mahudhurio na muhuri wa mtaa, tukapeleka.

Halafu tukarudi kuketi kwenye kiwanja chetu. Kila Jumamosi tunasafisha, na baada ya kazi watu hawaondoki. Kina mama wametoa ngoma zao za muheme, zile za kubana katikati ya mapaja, na wasichana waliozizoea kwenye simu tu sasa wanafundishwa namna ya kukaza mkono. Mzee wa bao amerudi na ubao wake. Kuna anayechoma mahindi.

Na kuna visiki. Tangu mwaka 2017, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alipozindua pale Mzakwe kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani, miche mingi imepandwa mjini. Waliosahau kuimwagilia wanajua ilipoishia. Kwetu tumefuata njia nyingine ambayo wakulima wa mkoa huu wanaitumia sana, kisiki hai. Mizizi ya mti uliokatwa iko hai chini, imeshazoea ukame, haidai ndoo ya maji. Unachagua chipukizi mbili tatu zilizonyooka, unapogoa zilizobaki, unafunga kitambaa ili jirani ajue kisiki hiki kina mwenyewe, na unazuia mbuzi. Kuzuia mbuzi ndiyo shughuli. Kanga niliyopewa siku ile ya pili tumeichana vipande. Visiki vingi vya upande wa korongo vimefungwa vitambaa vyake.

Wiki ya kwanza ya Desemba ilinyesha usiku mzima. Siku chache baadaye mama aliniamsha kabla jua halijatoka, tukaenda. Kwenye ncha za matawi kulikuwa na majani madogo, ya kijani kibichi, yamejikunja kama vidole vya mtoto mchanga. Mwenyekiti alipiga picha nne, akazichapisha kwa rangi mjini, akaziambatanisha na barua ya pili yenye sentensi moja: mti uliotajwa kuwa umekauka unaonekana pichani.

Jibu halijafika. Bikoni bado zipo, nguzo za uzio zimehamishwa lakini sijui kwa muda gani. Jumamosi hii tunachimba mfereji wa kupunguza kasi ya maji kabla hayajafika korongoni, saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado dogo. Mama amesema kila mtu aje na jembe lake, na aliye mbali atume la mtu mwingine.