Weka kizibo penye jibu: kumbukumbu ya kikundi chetu cha ufahamu, Muheza

Machi

Kikundi kimeanza. Ni watoto wa darasa la pili na la tatu wa mtaani kwetu, Jumamosi asubuhi, barazani. Wengi wanasoma kwa sauti bila kukwama, na hapo ndipo sisi wazazi tunaporidhika mapema. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazimudu silabi anaweza kukusomea hata kipande cha gazeti, pamoja na maneno ambayo hajawahi kuyasikia. Muulize sasa kimetokea nini katika hicho alichosoma: anakutazama usoni akitafuta jibu kwako.

Tangu mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ulipoanza kutumika mwaka 2015 katika darasa la kwanza na la pili, tumeizungumzia sana ile K ya kusoma. Mimi nataka kufanyia kazi kipande chake kimoja tu: mtoto akitoa jibu, aoneshe lilikotoka ndani ya habari.

Vifaa: karatasi za manila, maka peni, na kopo la vizibo vya soda.

Aprili

Kazi ya vizibo ni hii. Kila mtoto ana nakala yake ya habari fupi, sentensi nne au tano. Nauliza swali, wanasoma tena kimya, kisha kila mmoja anaweka kizibo juu ya sentensi iliyompa jibu. Hakuna kusema kwanza. Wakisema kwanza, mmoja anatamka na wengine wanaitikia, kama walivyozoea kusoma kwa pamoja. Kizibo kinamlazimisha kila mtoto kuchagua mwenyewe.

Jambo moja limenigusa sana. Nikiuliza “Umejuaje?”, mtoto mwenye jibu sahihi analibadilisha papo hapo. Amezoea kwamba anayeulizwa mara ya pili ni aliyekosea. Basi nauliza “Umejuaje?” kwa kila mtoto, aliyepata na aliyekosa, kwa sauti ileile, na simpongezi mtu mpaka aoneshe sentensi. Wameanza kutulia. Sasa wanajibu, “Najua kwa sababu hapa pameandikwa…”, na kidole kipo kwenye mstari.

Mei

Masika yamekolea, nikaandika habari hii:

“Mama aliingia ndani. Kanga yake ilikuwa inachuruzika maji. Alichukua ndoo akaiweka chini ya tundu la bati. Baba akasema, ‘Leo sokoni hapatakuwa na watu.’”

Swali: nje kuna nini? Neno mvua halimo, na niliacha kulitaja kwa makusudi. Karibu wote waliweka kizibo kwenye kanga. Mvulana mmoja wa darasa la pili akakataa katakata: mama ametoka kuchota maji, ndoo imemmwagikia kichwani, ndiyo maana kanga imelowa, na ndoo yenyewe si hiyo hapo imetajwa?

Nilifurahi mno. Jibu lake lilikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulitoka kwenye habari. Sikumwambia amekosea; niliwaambia wote watafute sentensi ambayo jibu lake haliwezi kuieleza. Kukawa kimya kirefu. Msichana mmoja akasogeza kizibo chake polepole hadi kwenye “tundu la bati”. Kama ni maji ya kisimani, akasema, kwa nini ndoo inawekwa chini ya tundu? Mwingine akaongeza sokoni: watu hawaachi kwenda sokoni kwa sababu mama mmoja kamwagikiwa na maji. Yule mvulana akasoma tena habari yote, akahamisha kizibo mwenyewe. Asubuhi ile hatukuendelea na kitu kingine, na hapakuwa na haja.

Juni, likizo

Viambishi. Nimegundua kwamba sarufi yetu yenyewe ni hazina ya ushahidi, na watoto wanaipita mbio. Habari: “Kikombe na sahani vilikuwa ukingoni mwa meza. Paka akaruka. Kikaanguka na kuvunjika.” Kipi kilibaki mezani? Wengi walisema hakuna, vyote vimevunjika. Nikawaacha na vizibo vyao mpaka mmoja akafunika ile “ki” ya “kikaanguka” na kusema kwamba ingekuwa vyote ingeandikwa “vikaanguka”. Hakuna aliyemfundisha siku hiyo. Anaijua lugha yake tangu utotoni. Alichopata ni sababu ya kuiangalia.

Julai

Ngano zina tatizo lake: watoto wanamjua sungura na fisi kabla ya kusoma. Nikaandika kwamba fisi aliokota embe njiani, na ingawa alikuwa na njaa, alizunguka kijiji kizima kumtafuta mwenye embe mpaka akampata. Fisi huyu ana tabia gani? “Mroho!” Na vizibo vikatua kwenye “alikuwa na njaa”.

Hapa msaada niliupata kwa Taffy Raphael, mtafiti wa Marekani ambaye miaka ya 1980 aliyapanga maswali ya ufahamu kulingana na mahali jibu linapopatikana. Nimeyapa majina ya barazani kwetu: Lipo hapo (jibu limo katika sentensi moja), Unganisha (limo katika sentensi kadhaa), Mimi na mwandishi (habari pamoja na ninachokijua), Kichwani mwangu (ninachokijua tu). Tukakubaliana kwamba uroho wa fisi ulitoka Kichwani mwangu, kutoka kwa bibi na babu, na ni maarifa halali kabisa, ila habari hii inasema jingine. Waliporudi kwenye “alizunguka kijiji kizima” walipata neno wenyewe: mwaminifu.

Agosti

Kuandika bado kugumu. Wanajibu vizuri kwa mdomo, lakini kwenye daftari wananakili sentensi nzima bila jibu lao. Nimegawa ukurasa sehemu mbili, kushoto “Nafikiri”, kulia “Pameandikwa”. Wa darasa la tatu wameshika. Wa darasa la pili naendelea nao kwa vizibo, sina haraka.

Kinachofuata ni wao kutunga maswali. Kila jozi itapewa habari moja, itunge swali ambalo jibu lake halimo katika sentensi moja pekee, kisha iwape wenzao. Nimeanza kuandika habari za kazi hiyo: moja ya gari la machungwa lililochelewa kufika Tanga, nyingine ya mtoto anayeficha barua ya shule.