Dakika mbili za maoni

Juzi nilihudhuria kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti, nikiwa na hati mbili za mshahara mfukoni, moja ya mwaka 2022 na nyingine ya mwezi uliopita. Mimi ni karani hapa Mombasa na mshahara wangu ni shilingi 38,000, kiasi ambacho hakijasogea tangu wakati huo. Mwaka 2022 nilikatwa shilingi 200 za NSSF. Sasa nakatwa 2,280, na juu yake kuna shilingi 570 za ushuru wa kujenga nyumba za bei nafuu za serikali, ambao hapo awali haukuwapo kabisa. Ya NSSF naweza kuivumilia, kwa kuwa angalau ni akiba yangu ya uzeeni, lakini hizo nyumba sijui nitaishi katika ipi, kwani tayari nalipa kodi ya chumba Kisauni.

Nilipopewa kipaza sauti niliuliza kwa nini sisi tufunge mikanda ilhali mwaka 2023 waliteuliwa mawaziri wasaidizi 50 kwa mkupuo, hadi Mahakama Kuu ikabatilisha uteuzi huo. Afisa aliyekuwa mbele alitazama saa yake, akasema, “Ndugu yangu, dakika zako mbili zimekwisha, tafadhali andika jina.” Nikaandika. Mzee mmoja aliyeketi nyuma yangu, muuza samaki, akaniomba zile hati, akazisoma polepole kwa kidole, kisha akanirudishia bila kusema neno.