Jinsi kikundi chetu cha Nyalenda kilivyopata ruzuku ya kuwahudumia wazee

Mimi ni mhazini wa kikundi cha kujitolea kinachowatembelea wazee wanaoishi peke yao mtaani Nyalenda, Kisumu. Kwa miaka kadhaa tulitegemea michango ya wanachama na harambee ya kila Desemba. Fedha hizo zilitosha unga, sabuni na nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitalini, lakini mwezi ukiwa na wagonjwa wawili tulikuwa tukiishiwa kabla ya tarehe 15. Baadhi ya wazee wetu waliotimiza miaka 70 hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa serikali wa Inua Jamii, na yeyote anayelipa kodi ya nyumba, dawa za presha na maji ya mtungi anajua fedha hizo huishia wapi.

Ndipo tulipoomba ruzuku kwa shirika moja la misaada linalohudumia kaunti za magharibi. Shirika la namna hii haliendeshi huduma lenyewe, bali hukusanya fedha kwa wafadhili wakubwa, kampuni na watu binafsi, kisha huzigawa kwa vikundi vidogo ambavyo mfadhili aliye mbali hawezi kuvifahamu wala kuvikagua. Kamati ya wenyeji huyasoma maombi na kuyapa alama, afisa huja kujionea, mkataba hutiwa saini, na fedha hutolewa kwa awamu, ya pili ikisubiri hesabu za ya kwanza.

Ombi letu la kwanza lilikataliwa. Nilikuwa nimejaza kurasa sita kuhusu ufukara wa wazee, nikiamini kwamba atakayesoma ataguswa na kutoa. Barua ya majibu ilieleza kwa heshima kwamba kamati haikutilia shaka shida hiyo, ila haikuona ni wazee wangapi tungewahudumia, mara ngapi kwa wiki, kwa gharama gani, na nani angewajibika mambo yakiharibika. Niliumia kwa siku kadhaa, kisha nikakubali kwamba walisema kweli.

Tulipojiandaa kuomba tena, mengi yalikuwa ya ofisini na hayakutuchosha sana: kuhuisha usajili wetu chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, kurekebisha katiba, na kufungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu.

Kilichonisumbua ni stakabadhi. Maharagwe na mahindi tunayanunua sokoni Kibuye, kwa akina mama wanaopima kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia, na hakuna hata mmoja wao mwenye kitabu cha risiti. Nilipomwomba mmoja anipe karatasi, alinijibu, “Mwanangu, tangu nianze kuuza hapa hakuna aliyeniuliza hiyo.” Kununua dukani penye risiti kungetugharimu zaidi kwa chakula kile kile, jambo ambalo nililiona kuwa dhuluma kwa wazee. Nilimwandikia afisa wa shirika, tukakubaliana kwamba nitengeneze hati ya malipo yenye tarehe, bidhaa, kiasi, bei na jina la muuzaji, ambaye angetia saini au kidole gumba, na kwamba kila malipo yafanywe kwa M-Pesa ili ujumbe wa simu uwe ushahidi wa pili. Tangu siku hiyo hutembea na kidau cha wino kwenye mkoba. Yule mama wa maharagwe huufuta mkono wake kwa leso, hukandamiza kidole taratibu, kisha huniuliza kama kimetokea vizuri.

Afisa alipokuja, hakuanza na vitabu vyetu. Aliomba kumwona bibi mmoja, akaketi naye chumbani, akatusihi sisi tusubiri nje. Alimuuliza ni nani humletea chakula na siku zipi. Baadaye alitueleza kwamba bibi alitusifu, ila alilalamika kwamba chakula hufika saa saba, ilhali dawa zake hupaswa kuzinywa asubuhi baada ya kula. Hatukuwahi kumuuliza. Tulibadilisha ratiba wiki iyo hiyo, na sasa uji unamfikia kabla ya saa mbili na nusu.

Awamu ya pili ilichelewa kwa majuma matatu kwa sababu hati moja ya nauli ya bodaboda, ya shilingi 350, haikuwa na saini. Katika majuma hayo tulirudi kuchangishana, na wazee hawakulala njaa, lakini nililiona kosa hilo kuwa langu na sikulitetea.

Mwezi uliopita tuliwasilisha ombi la mwaka wa pili. Safari hii tumeingiza kwenye bajeti nauli na muda wa maongezi wa wanaojitolea, gharama ambazo vikundi vingi huogopa kuziandika vikidhani mfadhili atazichukia. Mhudumu wetu wa upande wa Dunga amekuwa akizilipa kutoka kwenye biashara yake ya samaki, na katika maelezo ya bajeti nimeandika waziwazi kwamba akishindwa siku moja, wazee saba hawatakuwa na wa kuwabishia hodi.