Siku moja maishani mwangu: mtendaji wa mtaa, pembezoni mwa Jiji la Dodoma

Mtu akisikia mimi ni mtendaji wa mtaa huuliza mambo mawili: muhuri uko wapi, na barua ni shilingi ngapi. Barua kwangu ni bure. Muhuri unalala kwenye mkoba, umeviringishwa kitambaa kwa sababu wino wake ulishaniharibia kitenge kipya. Na niliseme hili mapema, maana hata ndugu zangu kule Same hawajaelewa mpaka leo: mimi si mwenyekiti. Mwenyekiti anapigiwa kura, mimi ni mwajiriwa wa halmashauri. Yeye akishindwa uchaguzi anaenda nyumbani kupumzika, mimi nabaki na mafaili.

Mtaa wenyewe sitautaja. Uko njia ya Morogoro, ukishaipita stendi kuu ya Nzuguni lakini hujafika Mji wa Serikali kule Mtumba. Miaka michache nyuma lilikuwa shamba la uwele na karanga. Leo kuna ghorofa mbili, makanisa sijui mangapi, msikiti, maduka ya vifaa vya ujenzi, na bado mbuzi wanakatiza barabarani asubuhi wakiwa na haraka kuliko watumishi.

Hii ilikuwa Jumanne ya Oktoba.

Saa 11 alfajiri. Maji. Kwetu yanatoka kwa mgao, ukilala yakipita utanunua kwa boza. Nimejaza madumu, nimemwandaa mtoto, chai nimekunywa nimesimama.

Saa 1 na nusu. Ofisi ni fremu moja ya kupanga katikati ya saluni na duka la Mkinga. Benchi la nje lilikuwa limeshajaa.

Hapa nieleze kidogo. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 ndani ya Dodoma, wakati huo ikiwa manispaa. Sensa ya 2022 imekuta 765,179. Katikati yake serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli (uamuzi wenyewe ni wa 1973, wazee wa hapa walishachoka kuusikia), na mwaka 2018 tukapewa hadhi ya jiji. Kwenye ripoti namba hizo zinasomeka vizuri. Kwangu zinakuja zimekaa kwenye benchi, zimeshika fomu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa.

Kila mmoja anataka niandike maneno yaleyale: "Mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wangu na ninamfahamu vizuri." Nifungue daftari la wakazi, ukurasa mmoja tu: Kondoa, Makete, Kigoma, Dar, Bariadi, Dar, Pemba, Mpwapwa, Moshi, Dar. Wote wa mwaka huu. Ninamfahamu nani vizuri hapo? Utaratibu ni kuanza na mjumbe wako, yeye ndiye anayekujua. Sasa kwenye vitalu vipya mjumbe naye amepanga, amekuja Machi, na anayemjua ni mwenye nyumba wake anayeishi Mwanza.

Basi nauliza maswali. Jirani yako anaitwa nani? Unachota maji wapi siku mgao ukikatika? Anayeishi kweli hapa hilo la maji hulijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Mpaka saa 4 nilikuwa nimetoa barua kumi na moja, nimesaini fomu mbili za dhamana, nimeandikisha kifo kimoja, na nimemrudisha kijana mmoja aliyesema anaishi "karibu na transfoma". Tunazo tatu.

Saa 4 na dakika kumi simu ikaita. Fundi wa kitalu cha juu. "Mama Mtendaji, njoo. Kuna mzee amekaa kwenye msingi na hataki kutoka."

Nikadhani ni namna ya kusema. Nimefika, nimekuta mtaro wa msingi wa ukuta umechimbwa, na ndani yake mzee wa Kigogo amekaa juu ya kigoda, shuka begani, anamung'unya ubuyu. Mafundi wanne wamesimama na sepeto zao. Mwenye kiwanja, kaka mmoja mtumishi aliyehamia na wizara yake kutoka Dar, anazunguka gari akiongea na simu.

"Shikamoo mzee."

"Mbukwa."

Nikajibu mbukwa, na hapo Kigogo changu kikawa kimeisha. Miaka sita nipo hapa, aibu ni yangu. Akatafutwa mkalimani, fundi mmoja Mrangi aliyekulia Chamwino. Mzee akaongea dakika tatu nzima, akionyesha mkono kushoto, kulia, juu, kisha chini kwenye udongo. Nikamgeukia Mrangi.

"Anasema hatoki."

"Hayo tu?"

"Mengine ni ya ukoo."

Kisa kwa kifupi, ingawa mimi sikukipata kwa kifupi. Kando ya kiwanja kuna mstari wa minyaa. Mzee anasema baba yake ndiye aliyeipanda na huo ndio mpaka. Mpwa wake aliuza kipande mwaka 2019, simu ya mpwa haipatikani. Mnunuzi ana karatasi ya mauziano inayosema "hatua thelathini kwa ishirini". Ndiyo, hatua za miguu. Huku pembezoni ardhi nyingi iliuzwa hivyo kabla wapima hawajafika.

Nikauliza swali nililoona ni la maana: hatua za nani?

Kimya. Kaka akasema hatua ni hatua. Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza. Akatoka mtaroni (mafundi wakainua sepeto, akawatazama, wakazishusha) akahesabu thelathini kuanzia kwenye jiwe la kona. Akaishia kabla ya kuifikia minyaa, karibu mita nne. Kaka naye akahesabu, na sijawahi kuona mtu mzima akipanua miguu vile akiwa na suruali ya kitambaa. Thelathini yake ikavuka minyaa ikafika kwenye banda la kuku la mzee. Mpwa, tukaambiwa, ni mrefu kuliko wote wawili.

Tutafute bikoni, basi, zile alama za mpaka za wapima. Moja hatukuiona. Ya pili ilikuwa chini ya lundo la mchanga wa fundi mwenyewe. Tukampigia mpima aliyelipwa na kaka. "Niko njiani." Hiyo ilikuwa saa 5. Saa 6 yuko njiani. Saa 7 kasoro anakaribia. Hakuna kivuli pale, mti uliokuwepo ulikatwa kupisha msingi. Jua la Oktoba hapa halikuunguzi tu, linakukausha kama dagaa. Kikapita kisulisuli, kikatumwagia vumbi wote bila kujali cheo. Wakati huo kaka alikuwa ameshaacha kuniita mheshimiwa, amefika kwenye "wewe dada".

Kisha simu ya mzee ikaita. Akaitoa kwenye shuka. "Haloo. Ndiyo. Nipo kazini. Chumvi msisahau."

Kiswahili safi. Mrangi akaangalia chini. Mimi nilikuwa nimechoka mno kukasirika, nikakaa ukingoni mwa mtaro karibu naye.

"Mzee, kumbe."

"Hakuna aliyeniuliza kwa Kiswahili."

Na ni kweli, hakuna. Tulimwona na shuka tukaita mkalimani. Akaniomba nimsomee ile karatasi. Nikasoma mpaka chini: saini ya mpwa, saini ya mnunuzi, halafu maneno "wahusika wote wanafahamika vizuri katika ofisi hii", na muhuri. Muhuri wa ofisi yangu. Aliyeupiga ni mtendaji mwingine kabla yangu, lakini ni huuhuu uliokuwa kwenye mkoba, hata ile pembe iliyomeguka inaonekana.

"Mimi mtendaji huyo sikumwona," mzee akasema. "Alinifahamu lini?"

Sikuwa na jibu. Nikawaeleza wote wawili kwamba mtendaji haamui kesi ya ardhi. Waanze na baraza la kata, na tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 lenyewe linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku thelathini, waende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

"Kwa hiyo wewe kazi yako ni nini?" Hilo waliniuliza kwa pamoja, na ndilo jambo pekee walilokubaliana siku hiyo.

Kazi yangu ilikuwa kuandika barua ya kusimamisha ujenzi, juu ya goti, nakala mbili kwa mkono. Nikazigonga. Mpima hakufika. Mpaka naandika hapa bado yuko njiani.

Kurudi ofisini sijui ilikuwa saa ngapi, saluni walikuwa wanaanika taulo za pili. Benchi lilikuwa vilevile, watu tofauti. Mama mmoja alikuja na malalamiko ya kitimoto kinachokaangwa hatua kumi kutoka mlangoni kwake, mwenye kitimoto akaja nyuma yake na malalamiko ya spika ya madrasa. Niliwasikiliza mmoja mmoja na nikapanga kikao cha Alhamisi. Nikakumbuka sijala. Mkinga wa jirani alinikopesha mkate na soda. Nilitoa barua nyingine tano, na kila nilipofika kwenye "ninamfahamu vizuri" kalamu ilisita. Ya mwisho niliandika "amejitambulisha katika ofisi hii". Yule dada akairudisha. Benki hawataikubali, alisema, andika kama za wengine. Nikaandika kama za wengine.

Nyumbani nilifika giza limeingia. Tulikula ugali na mlenda, nimeuzoea sasa, zamani niliuona kama adhabu. Mtoto alinisomea hesabu zake nikasinzia kwenye kuzidisha.

Kama saa 3 hivi usiku mwenyekiti alipiga.

"Mtendaji, kule juu wanamwaga zege. Wamewasha taa za gari."

"Na mzee?"

"Wanamwaga upande mmoja. Mzee yuko upande wa pili, na kigoda chake."

Nikaanza kutafuta viatu.