Ninavyofundisha Japani kwa Shairi la Mizani 17

Ukianza somo la Japani kwa bendera, mji mkuu na idadi ya watu, darasa litasinzia. Mimi huandika ubaoni mistari mitatu ya Bashō, mshairi wa Kijapani, kwa herufi tulizozizoea, bila kusema imetoka wapi:

furuike ya
kawazu tobikomu
mizu no oto

Kazi ya kwanza ni kuhesabu mizani kwa makofi. Silabi nyingi za Kijapani huishia na irabu kama zetu, kwa hiyo wanapata wenyewe: 5, 7, 5. Jumla 17, wakati mshororo mmoja tu wa tarbia wanayoijua una 16. Maswali huanza hapo hapo: vina viko wapi? Kituo je? Havipo. Ndipo ninapowapa maana: bwawa la zamani, chura anajitosa, mlio wa maji. Penye ubishi ni ile n ya mwisho katika Nihon, jina la Japani kwa lugha yao. Ni mizani kamili, ni-ho-n, kama m ya mchanga.

Kisha nachora mistari miwili ya wakati, mmoja juu ya mwingine. Bashō aliishi 1644 hadi 1694. Wareno walikuwa wameshafukuzwa Japani mwaka 1639, na Wazungu waliobaki, Waholanzi, walibanwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki. Mstari wa chini: Wareno hao hao wanaanza kujenga Fort Jesus, Mombasa, 1593, na wanaipoteza kwa Waomani 1698. Ninawauliza kwa nini huku walikaa muda mrefu zaidi. Usiwape jibu mapema. Dakika 15 za mabishano hapa zina faida kuliko kurasa za kunakili.

Kutunga ndiko kugumu. Haiku, yaani shairi hili la 5-7-5, hudai neno la majira, na chura kwao ni dalili ya machipuo. Wanafunzi hukimbilia theluji na maua ya mcheri, vitu vya kwenye picha. Ninavipiga marufuku, watumie kusi, kaskazi, masika, kumbikumbi. Ugonjwa mwingine ni mawaidha, maana ushairi wetu umewazoesha kuusia. Dawa yake: maneno maisha, dunia na upendo hayaruhusiwi. Mfano ninaowapa:

Kusi lavuma
ngalawa mchangani
nyavu kavu tu

Ukata umo, ila haukutajwa.

Kipindi cha pili ni cha renga, utungo wa kupokezana ambao ubeti wake wa kwanza ndio uliozaa haiku. Makundi ya watu 4 yanatosha: wa kwanza 5-7-5, wa pili 7-7, hivyo hivyo. Waliozoea malumbano hujibu hoja ya mwenzao mpaka mwisho, na utungo unakwama. Sharti ni ubeti ushikane na uliotangulia tu, na uuache ule wa kabla yake.