Usiandike "mwanasiasa wa wastani"

Ukiagiza sato wa wastani Mwanza, muuzaji anakuelewa papo hapo: si mdogo, si mkubwa. Mwanafunzi wa wastani naye anajulikana, hafeli wala hang'ari. Ndiyo maana kichwa cha habari "Mwanasiasa wa wastani ashinda" kinamwonea mtu. Msomaji anayepitisha macho kwenye meza ya magazeti Makoroboi, Mwanza, ataelewa kwamba aliyeshinda ana uwezo wa kawaida tu. Andika "mwenye msimamo wa wastani", yaani asiye na siasa kali. Nafasi ikiwa finyu, kata neno jingine, "msimamo" libaki.

Kosa la pili ni kulichanganya neno "wastani" na "mrengo wa kati". Mrengo unataja upande. Mwaka 1789, katika Baraza la Taifa la Ufaransa, waliotaka mfalme awe na kura ya turufu walikaa kulia kwa mwenyekiti, walioipinga wakakaa kushoto, na majina yakabaki. Wastani unataja kiwango: mtu anataka mageuzi, lakini hatua kwa hatua, na yuko tayari kukaa meza moja na mpinzani. Kwa hiyo mtu wa mrengo wa kushoto anaweza kabisa kuwa na msimamo wa wastani. Kinyume chake ni mwenye siasa kali, wa upande wowote ule.

Kabla ya kuliandika, uliza: wastani kwa kumlinganisha na nani? Hassan Rouhani aliposhinda urais wa Iran mwaka 2013, aliitwa hivyo kwa kupimwa na wahafidhina wa nchini mwake. Mhamishie Ujerumani, kipimo hakifai tena. Usipotaja kipimo, neno linageuka sifa ya bure, na wewe umeshampigia mtu kampeni.

Maridhiano nayo si msimamo wa wastani. Zanzibar, baada ya kura ya maoni ya Julai 31, 2010, CCM na CUF waliingia pamoja katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa, lakini kila chama kilibaki na msimamo wake kuhusu Muungano. Waligawana serikali, hawakugawana itikadi.

Na kwa chama kama SPD cha Ujerumani, "mrengo wa kati-kushoto" humkwamisha msikilizaji wa redio. "Mrengo wa kati unaoegemea kushoto" ni refu kidogo, ila linaeleweka kwa kusikika mara moja.