Kreni ya mtumba: kwaruza rangi kwanza, hela baadaye

Mwezi uliopita mpwa wangu kanipigia simu usiku, mjomba nimepata kreni ya Manitowoc 4100W ipo Sharjah, Falme za Kiarabu, bei nzuri, rangi mpya kabisa, nitume advansi? Nikamwambia usitume hata senti, nisubiri. Nikakata tiketi siku ileile maana kreni ya cheni, ile inayotembea kwa minyororo ya chuma kama buldoza, sio Noah kwamba ukiuziwa mbovu unaisukuma kwa mwingine yanaisha, hii ikiwa mbovu kuna kijana wa watu amesimama chini ya mzigo.

Zile yadi za Sharjah ukiingia mara ya kwanza unachanganyikiwa, vyuma vimepangwa mpaka macho yanachoka, na saa nne asubuhi jua tayari linachoma. Mashine tumeikuta inang'aa nyekundu. Mimi sikuigusa, nilienda moja kwa moja kwenye bumu, ule mkono mrefu wa kunyanyulia, iliyolazwa vipande vipande juu ya magogo, nikawa natembea napapasa zile nguzo kuu nne za kona, taratibu, kwa kiganja. Kipande cha tatu kiganja kikakutana na kitu kama kovu. Nikatoa sarafu nikakwaruza rangi, chini yake mshono wa kuchomelea mnene, kama wa geti la nyumbani, na pembeni chuma kimepinda kidogo, ukiinamia usawa wa jicho ndio unakiona. Nguzo kuu ni chuma cha nguvu maalum, ukikipiga moto kienyeji pale kinapoteza ule uimara na siku kikiachia hakikupi onyo. Muuzaji akasema hiyo ndogo tu, haina shida. Mpwa wangu akaniangalia, hakusema kitu.

Iliniuma zaidi kwa sababu naijua historia ya watu waliotengeneza ile bumu. Manitowoc ni mji mdogo jimbo la Wisconsin, Marekani, ukingoni mwa Ziwa Michigan, na kampuni ilianza na meli. 1902 Charles West na Elias Gunnell walichukua yadi ya meli pale, kreni wakaja kuanza 1925, zikiitwa Speedcrane. Halafu ikaja vita ya pili, serikali ikawapa kazi ya nyambizi, watu ambao hawakuwahi kujenga hata moja! Mto wa pale mwembamba, haiwezekani kushusha nyambizi majini kwa kutanguliza mkia kama kawaida, basi wakawa wanaziangusha ubavu, ya kwanza ikiitwa Peto, Aprili 1942. Kutoka hapo inapita ziwani hadi Chicago, inapandishwa kwenye gati linaloelea, inateremka mto Illinois na Mississippi mpaka New Orleans ndio inaona bahari. Walitoa 28. Sasa fikiria, mji uliochomelea chuma cha kukaa chini ya bahari na watu ndani, halafu bumu yake inakuja kuzibwa na mtu nyuma ya banda na kupigwa rangi.

Siku hizi kreni zao za cheni hazitengenezwi tena mji ule, kazi ilihamishiwa Shady Grove, Pennsylvania, uamuzi ulitoka 2016. Lakini za zamani bado zipo nyingi duniani na mimi nazipenda, 4100W ni mashine ya klachi na bendi za breki, fundi mzuri anaifungua anaielewa. Ukija kwenye modeli zao za baadaye, 777 na 888, kuna kompyuta ndani, ni tamu kuendesha, ila kabla hujanunua washa, fanya kila kitu, inua, zungusha, tembeza, maana ikizima ukiwa saiti huko Mtwara hakuna wa kumpigia.

Kitu kingine wanachopigiwa watu wetu ni tani. Hiyo 4100W ya toleo la pili inaandikwa tani 230, lakini ni tani za Kimarekani, moja ina kilo 907, kwa hiyo kwa tani zetu ni kama 209 hivi, na hizo nazo unazipata bumu ikiwa fupi na mzigo uko karibu kabisa na mashine. Ukisogeza ndoano mbali inashuka sana sana. Ndio maana mimi nadai chati ya mzigo yenye namba ileile iliyogongwa kwenye mashine, sio fotokopi ya mashine nyingine, na nahesabu vyuma vya uzito wa nyuma kimoja kimoja kwa sababu mara nyingi vimepungua, vimeshauzwa skrepa. Cheni ukiona viatu, yaani vile vibao vya chuma vinavyokanyaga chini, vimelika na sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, imechongoka, hiyo hela itoe kwenye bei palepale, usiahidiwe.

Tulikaa na yule muuzaji mpaka jioni. Mwili wa mashine ulikuwa mzima, winchi nzuri, vyuma vya uzito kamili, namba zinafanana. Tukakubaliana tunachukua bila bumu, akashusha bei, na kile kipande cha tatu nikaomba akikate mbele yetu asije akamuuzia mwingine. Alisita, mwisho akamwita kijana na gesi, tukasimama pale mpaka kikawa vipande viwili. Sasa hivi mpwa anatafuta bumu ya aina ileile, maana haziingiliani hovyo, mwenye taarifa ya kweli aandike hapa chini, na picha za nguzo kuu zipigwe kwa karibu, rangi ikiwa imekwaruzwa.